Ujumbe wa Alhamisi: programu moja ya kufuatilia dawa mseto, wilaya tatu, matokeo matatu

Mwishoni mwa 2009, zahanati, vituo vya afya na hospitali 129 katika wilaya tatu za Tanzania viliingizwa kwenye programu ya kufuatilia salio la dawa za malaria kwa ujumbe mfupi wa simu. Wilaya hizo ni Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Jaribio lilijulikana kama SMS for Life. Lilihusisha Wizara ya Afya, ushirikiano wa kimataifa wa kupambana na malaria uitwao Roll Back Malaria, na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM, na lilidumu wiki 21.

Katika wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja kati ya tano za dawa zilizofuatiliwa. Wiki ya 21 ilikuta asilimia 26. Hizo ndizo namba zinazonukuliwa kila mahali. Kwa anayeshughulika na ugavi, namba za wilaya moja moja zina uzito zaidi. Lindi Vijijini ilitoka asilimia 57 ikafika 0. Ulanga ilitoka 87 ikafika 30. Kigoma Vijijini ilitoka 93 ikafika 47. Programu ilikuwa ileile, ujumbe ulitumwa siku ileile, na watumishi walikuwa wa kada zilezile. Ukitaka kujua programu ya uchambuzi inafanya nini kwenye mnyororo wa ugavi ambao hautabiriki, na kitu gani haiwezi kukifanya, anzia kwenye pengo hilo kati ya 0 na 47.

Fomu ya miezi mitatu

Zahanati ya serikali iliagiza dawa kwa fomu ya kila miezi 3. Vituo vya wilaya viligawanywa makundi A, B na C ili kila mwezi kundi moja liagize na Bohari ya Dawa (MSD) isielemewe. Kituo kiliandika salio la mwanzo, kilichopokelewa, kilichotumika, kilichopotea au kuharibika, na salio la mwisho. Fomu ilipitia ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, ikaenda kanda ya MSD, halafu mzigo ukarudi.

Kwa bidhaa yenye matumizi tulivu, utaratibu huu unatosha. Malaria haina utulivu huo. Katika wilaya zote tatu mvua kubwa huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na wagonjwa huongezeka mvua ikishachanganya. Fomu iliyojazwa Oktoba inabeba matumizi ya Julai, Agosti na Septemba, miezi ya kiangazi. Mzigo unaotokana nayo hutumika wakati wa mvua, barabara zikiwa tope na mahitaji yakiwa yamepanda. Aliyejaza fomu hakukosea hata mstari mmoja, na bado dawa itaisha.

Kuna kosa jingine linalojificha kwenye hesabu. Tuchukue zahanati iliyotoa dozi 300 kwa siku 90, lakini kwa siku 30 kati ya hizo haikuwa na dawa kabisa. Ukigawa kwa miezi 3 unapata dozi 100 kwa mwezi. Ukweli ni kwamba dozi 300 zilitoka ndani ya siku 60, yaani 150 kwa mwezi. Ukiagiza kwa wastani wa 100, umeagiza upungufu mwingine, na robo inayofuata itaonyesha matumizi madogo zaidi. Zahanati zinazoishiwa mara kwa mara huonekana kwenye karatasi kama zahanati zenye wagonjwa wachache. Hili ni jambo la kuumiza, kwa sababu mama aliyerudishwa na mtoto mwenye homa haachi alama yoyote kwenye leja.

Pakiti nne za dawa moja

Dawa mseto, yaani ALu (artemether na lumefantrine), ilianza kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali nchini mwishoni mwa 2006. Inakuja katika pakiti nne kwa uzito wa mgonjwa. Mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 anameza kidonge 1 kila mara, kilo 15 hadi chini ya 25 viwili, kilo 25 hadi chini ya 35 vitatu, na kilo 35 kwenda juu vinne. Humezwa mara mbili kwa siku kwa siku 3, ndiyo maana pakiti zina vidonge 6, 12, 18 na 24. Aina ya tano iliyofuatiliwa katika jaribio ilikuwa kwinini ya sindano, kwa malaria kali.

Kidonge ni kilekile katika pakiti zote nne, na hapo ndipo takwimu huanza kupinda. Pakiti ya watu wazima ikiisha, mtoa dawa haketi tu. Anaunganisha nne za vidonge 6, au mbili za vidonge 12, au moja ya 18 na moja ya 6. Mgonjwa anatibiwa, na ni sahihi atibiwe. Lakini leja inaonyesha kwamba pakiti za watoto wachanga zimetoka kwa kasi, na za watu wazima hazitumiki. Programu inayotabiri kila pakiti peke yake itashauri uongeze za watoto na kupunguza za watu wazima, yaani itaendeleza tatizo lilelile. Njia salama ni kukadiria mahitaji ya jumla kwa vidonge, kisha kuyagawa kwa pakiti kufuatana na umri wa wagonjwa kwenye rejista ya wagonjwa wa nje. Idadi ya pakiti zilizotoka haifai kwa mgawanyo huo.

Jambo hili linasaidia pia kusoma ile asilimia 78. Kituo kilihesabiwa kimeishiwa kikikosa hata aina moja tu kati ya tano. Kwa hiyo haimaanishi kwamba wagonjwa 78 kati ya 100 walirudi nyumbani bila tiba. Ni kipimo kikali, na ukali wake ni mzuri kwa usimamizi, mradi kisisomwe kama hesabu ya wagonjwa.

Kutoka Alhamisi hadi Jumatatu

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kila Alhamisi programu ilituma ujumbe kwa mtumishi wa kituo, kwenye simu yake mwenyewe, ikimwomba salio la kila aina. Alijibu kwa herufi fupi na namba, kwa namba ya bure. Asiyejibu alikumbushwa Ijumaa. Aliyejibu kwa wakati alipata muda wa maongezi. Wiki ilipoanza, mganga mkuu wa wilaya na timu yake walikuwa na picha ya wilaya nzima: nani ana nini, nani hana, nani hajajibu.

Tuzo ya muda wa maongezi ilitolewa kwa kujibu. Aliyetuma sifuri alipata sawa na aliyetuma mia. Huo ni uamuzi mdogo wa kiufundi wenye nguvu kubwa, kwa sababu mtu hafichi upungufu pale ambapo kuusema hakumgharimu chochote. Majibu yalipatikana kwa wastani wa asilimia 95 na hayakushuka chini ya 93 katika wiki zote. Ujumbe wenye makosa ya uandishi ulikuwa wastani wa asilimia 7.5, na karibu wote ulisahihishwa na kutumwa upya. Wakaguzi walipokwenda vituoni kulinganisha namba zilizotumwa na dawa iliyokuwepo, usahihi ulikuwa asilimia 94. Ripoti za wilaya zilifunguliwa kwa wastani mara moja kwa siku. Namba hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana ripoti isiyofunguliwa haihamishi hata kidonge kimoja.

Programu yenyewe haikutabiri lolote. Ilikusanya, ikapanga, ikaonyesha. Ilichokifanya ni kufupisha muda kati ya dawa kuisha na mwenye mamlaka kujua, kutoka miezi hadi siku chache.

Ubashiri bora au mzigo wa uhakika?

Wanaouza programu za ugavi hupenda kuanza na utabiri wa mahitaji. Hebu tupige hesabu kwa zahanati ya mfano kabla ya kukubali.

Zahanati inatoa dozi 18 kwa wiki, na kwa kawaida namba hiyo hupanda au kushuka kwa 6. Kuanzia kuagiza hadi kupokea ni wiki 6, na muda huo nao hurefuka au kufupika kwa wiki 2. Akiba ya tahadhari hupatikana hivi: zidisha wiki 6 kwa mraba wa 6, upate 216. Zidisha mraba wa 18 kwa mraba wa 2, upate 1,296. Jumla ni 1,512, na kipeuo chake cha pili ni karibu 39. Ukitaka kinga ya asilimia 95, yaani dawa isiishe mara 95 kati ya 100 unazosubiri mzigo, zidisha kwa 1.65, kizidishi cha kitakwimu cha kiwango hicho, upate dozi 64. Ongeza matumizi ya wiki 6, yaani 108. Kituo hiki kinapaswa kuagiza salio likifika dozi 172.

Sasa tuseme umenunua programu ya utabiri iliyo bora kiasi cha kupunguza kuyumba kwa mahitaji kwa nusu, kutoka 6 hadi 3. Akiba ya tahadhari inashuka kutoka 64 hadi 61. Dozi tatu! Lakini ukiacha utabiri kama ulivyo na ukahakikisha muda wa mzigo hauyumbi zaidi ya wiki 1, akiba inashuka hadi 38. Katika mfano huu, asilimia 86 ya hatari yote inatoka kwenye lori, barabara, ghala na idhini. Mgonjwa anachangia sehemu ndogo.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima mambo mawili kwa leja za mwaka mmoja uliopita: matumizi yanayumba kiasi gani kwa wiki, na mzigo unachelewa kwa tofauti gani. Kazi hiyo ni ya siku mbili kwa mfamasia mmoja na kikokotoo. Kama kuyumba kwa mzigo ndiko kukubwa, utakachohitaji ni programu inayoonyesha salio mapema na wilaya inayoweza kuchukua hatua.

Lindi na Kigoma

Lindi Vijijini ilimaliza upungufu kufikia wiki ya 8, na baada ya hapo karibu haukurudi. Mwono wa wilaya nzima una faida ya haraka pale ambapo dawa ipo wilayani lakini imelala mahali pasipo sahihi. Mfano wa vituo vitatu unaonyesha. Kituo A kina dozi 6 na kinatumia 14 kwa wiki. Kituo B kina 120 na kinatumia 10. Kituo C kina 22 na kinatumia 20. Ukitazama jumla, wilaya ina dozi 148 kwa matumizi ya 44 kwa wiki, zaidi ya wiki 3. Ukitazama kimoja kimoja, A itaishiwa kabla ya Jumatatu na B ina ya wiki 12. Ukimwachia B dozi 50 za wiki 5, zinabaki 70 za kugawa: 34 kwenda A, 36 kwenda C. Wote wawili wanafika karibu wiki 3. Gari la usimamizi au la chanjo linaloelekea huko linabeba boksi dogo, na kazi imekwisha.

Kuhamisha kuna ukomo. Pale ambapo vituo 93 kati ya 100 vimeishiwa angalau aina moja, B wa kuchangia ni vigumu kumpata. Kigoma Vijijini ilianzia hapo. Wakati ule wilaya hiyo ilijumuisha eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Uvinza, na vijiji vyake vya mwambao wa Ziwa Tanganyika vingine hufikiwa kwa boti. Njia ya Tabora hadi Kigoma kwa sehemu kubwa ilikuwa bado ya vumbi. Katika hali hiyo ujumbe wa Alhamisi unafaa kama shinikizo kwa ghala la juu, na matokeo ya shinikizo yanategemea kama ghala lenyewe lina dawa na kama mzigo unafika. Kushuka kutoka 93 hadi 47 si kushindwa, lakini kunaonyesha pale ambapo nguvu ya taarifa inaishia.

Kuna namba nyingine ya kushikilia. Katika kipindi cha jaribio, jumla ya dawa mseto iliyokuwa kwenye vituo vya wilaya tatu iliongezeka kwa asilimia 64, na kwinini kwa asilimia 36. Kuhamisha hakuongezi jumla. Kwa hiyo mafanikio hayakutoka kwenye kugawana tu, bali mzigo mpya uliingia. Sehemu yake huenda ilisukumwa na ripoti zenyewe, na sehemu ingeingia hata bila ripoti. Jaribio halikuwa na wilaya za kulinganisha zisizo na programu, kwa hiyo hizo sehemu mbili haziwezi kutenganishwa. Yeyote anayesema programu ilipunguza upungufu kwa theluthi mbili anasema zaidi ya ushahidi uliopo. Kinachosimama imara ni tofauti kati ya wilaya, kwa sababu programu haikutofautiana.

Kenya ilijaribu mfumo uleule mwaka 2011 katika wilaya 5, vituo 87, kwa wiki 26. Vituo vilivyoishiwa pakiti moja au zaidi ya dawa mseto vilipungua kwa pointi 38 za asilimia. Mwelekeo ni uleule.

Yanayoharibu namba

Kosa kubwa kuliko yote ni la kipimo. Boksi moja la dawa mseto lina dozi 30. Mtumishi mwenye maboksi 2 ya watu wazima anaweza kutuma 2, au 60, au 1,440 akihesabu vidonge. Zote tatu ni za kweli kwa namna yake. Programu inapaswa kukataa au kuuliza pale ambapo salio limeruka mara 30 au mara 24 ya wiki iliyopita bila mzigo kupokelewa. Kanuni ya mistari miwili inazuia makosa ambayo mafunzo ya siku nzima hayazuii.

Kosa la pili ni kuchukulia kimya kama jibu. Kituo ambacho hakikujibu kisipakwe kwenye ramani rangi ya kijani ya vituo vyenye dawa, wala kisiondolewe kwenye hesabu. Kipewe rangi yake, na mtu ampigie simu mhusika Jumatatu hiyohiyo. Mara nyingi kimya ni mtumishi mmoja aliye likizo na simu yake.

La tatu linahusu salio bila mapokezi. Ujumbe ulibeba salio peke yake. Salio likishuka kwa 40, huwezi kujua kama ni wagonjwa 40, au dozi zilizohamishwa, au zilizokwisha muda. Ukitaka kukokotoa matumizi, ongeza sehemu ya pili kwenye ujumbe: kilichopokelewa na kilichotolewa kwa kituo kingine wiki hiyo. Usiongeze zaidi ya hapo. Kila namba ya ziada inapunguza majibu na kuongeza makosa.

Halafu kuna uhamisho usioandikwa. Kituo B kikitoa dozi 70 bila hati na bila kuingiza kwenye leja, hesabu ya robo itaonyesha B kina wagonjwa wengi na kitaagiza kupita kiasi, huku A na C wakionekana hawatumii. Hati ya kutoa na kupokea ibebe pia namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa mseto haikai sana, kwa kawaida miezi 24 tangu kutengenezwa, na sehemu yake huliwa njiani. Hamisha inayokaribia kuisha muda kwenda kwenye kituo chenye matumizi makubwa. Usikimbilie kuipeleka kwenye kituo kilichoishiwa lakini kinachotoa dozi tatu kwa wiki.

Baada ya wiki 21

Kuanzia 2011 mfumo ulipanuliwa hadi kufikia vituo vipatavyo 5,000 vya Tanzania Bara. Baadaye mfumo wa kielektroniki wa taarifa za ugavi, eLMIS, ulichukua maagizo ya robo mwaka kutoka kwenye karatasi. Kwa upande wa mzigo wenyewe, mkoa wa Dodoma ulianza 2014 utaratibu wa mshitiri, uitwao Jazia, ambao unaruhusu kituo kununua kwa muuzaji mmoja aliyeidhinishwa pale MSD inapokosa bidhaa. Kufikia mwaka 2018 utaratibu huo ulikuwa umesambazwa mikoa mingine. Kwa mtazamo wa kisa hiki, Jazia inajibu swali ambalo Kigoma Vijijini iliuliza: tukishajua kwamba hakuna, tuchukue wapi?

Wakati huohuo dunia iliyopimwa na programu ilibadilika. Vipimo vya haraka vya malaria vilipoenea, kila homa haikupewa tena dawa mseto, na matumizi yakashuka. Wastani wa miaka ya nyuma ukageuka mtego wa upande wa pili, yaani kuagiza kupita kiasi na dawa kuisha muda stoo. Shirika la Afya Duniani nalo lilipendekeza artesuneti ya sindano badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali mwaka 2011. Mfumo ambao bado unauliza salio la kwinini na hauulizi la artesuneti, wala la vipimo, utaendelea kupata majibu kwa asilimia 95 na kuonyesha ramani ya kijani. Kwa hiyo wilaya inayotumia mfumo wa aina hii ipange tarehe mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada yake, za kupitia orodha ya bidhaa zinazoulizwa, kukokotoa upya matumizi ya wiki kwa siku ambazo dawa ilikuwepo tu, na kupima tena mzigo wa mwisho ulichukua wiki ngapi.